Mimba Zisizo na Mwisho: Nilichokikuta Fildi

Kazi niliyokabidhiwa nilipofika fildi ilikuwa na jina la kawaida: kusafisha jedwali la mimba. Mstari mmoja, mwanamke mmoja, mimba moja. Safu ya kwanza ina namba yake ya kudumu, ya pili tarehe aliyoandikishwa kuwa ni mjamzito, ya tatu mwezi anaotarajia kujifungua, na mbele huko safu ya matokeo: amezaa mtoto hai, amezaa mfu, mimba imeharibika. Mistari mingi ilikuwa imejaa vizuri. Ilikuwepo mingine, si michache, ambayo safu ya matokeo ilikuwa wazi. Katika mingi ya hiyo, mzunguko uliopita, yaani ziara ya awali ya wadodosaji kwenye kaya, mwanamke alikuwa mjamzito. Mzunguko huu amekutwa nyumbani, mzima, kaya yake imejibu maswali yote, si mjamzito tena, na mtoto hayupo. Hakuna kizazi kilichoandikwa, hakuna kifo, hakuna mimba iliyoharibika.

Wadogo zangu wa chuo mmekuwa mkiniuliza fildi ya data za afya ikoje, na wengi mnataka kujua ni programu gani mjifunze kabla ya kwenda. Nitazigusa. Ila kilichonifanya niandike ni mistari ile iliyokuwa wazi, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na hadi leo sijaacha kuifikiria.

Mimi nilisoma takwimu shahada ya kwanza, sasa nasoma uzamili wa epidemiolojia Dar es Salaam. Fildi nilipangiwa kituo cha utafiti mashariki mwa Tanzania, kwenye bonde la mpunga. Kituo sikitaji, na vijiji sivitaji pia. Wanawake wa pale walikubali kuulizwa maswali ya utafiti. Hawakukubali kujadiliwa mtandaoni, na ninayoyasimulia hapa nimeyaondolea kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu.

Kwanza mjue kituo cha namna hii kinafanya nini. Katika nchi zetu mtu anaweza kuzaliwa, akaishi, akafa, akazikwa, na hakuna ofisi iliyoandika. Cheti cha kifo watu wanakifuata kama kuna mirathi, mafao au akaunti ya benki. Asiyeacha mali hana wa kumfuatilia cheti. Hospitali nayo inamjua aliyefika hospitali tu. Ndiyo maana watafiti wakaja na njia nyingine: chagua eneo, hesabu kila mtu aliyemo, mpe kila mmoja namba, kisha rudi kwenye kila kaya mara mbili au tatu kwa mwaka, miaka nenda miaka rudi, ukiuliza mambo yale yale. Nani amezaliwa? Nani amefariki? Nani amehamia? Nani ameondoka? Kisesa, wilayani Magu, walianza 1994. Ifakara walianza 1996, Rufiji 1998. Kwa jirani zetu, Kilifi walianza 2000, na Nairobi, kwenye mitaa ya Korogocho na Viwandani, 2002.

Nguvu ya njia hii iko kwenye kigawanyo. Zahanati inaweza kukuambia watoto wangapi wamefia pale, lakini haiwezi kukuambia ni kati ya wangapi. Kwenye ufuatiliaji wa kaya kila mtu anahesabiwa kwa muda alioonekana: aliyekaa mwaka mzima anaingiza mwaka mmoja, aliyehamia katikati anaingiza nusu. Ukijumlisha miaka hiyo ya watu wote ndipo unapopata namba ya kugawia idadi ya vifo.

Na namba hizi zikitumika, zinaokoa watu. Miaka ya tisini Wizara ya Afya ikishirikiana na IDRC, taasisi ya Kanada inayofadhili utafiti wa maendeleo, iliendesha mradi wa huduma muhimu za afya ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Walichukua data za vifo kutoka kwenye kaya, wakazilinganisha na bajeti ya afya ya wilaya. Morogoro malaria ilikuwa ikibeba takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa inapotea, lakini bajeti ya 1996 iliipa kama asilimia 5. Timu za afya za wilaya zikapewa fedha kidogo za nyongeza, na michoro inayoonyesha mzigo wa magonjwa uko wapi, ili wapange upya wenyewe. Ndani ya miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Huwa naurudia mfano huu kwa kila anayeniambia kuwa utafiti wa kaya ni kuwasumbua watu bure.

Sasa turudi kwenye jedwali langu.

Darasani tulifundishwa namna kadhaa za kushughulika na data zilizokosekana, na iliyo rahisi kuliko zote ni kuondoa mstari. Amri moja tu kwenye R, programu ya takwimu, na jedwali linabaki safi. Data zikikosekana kiholela, ukiziondoa unapoteza idadi lakini jibu halipindi. Zikikosekana kwa sababu inayohusiana na kile kile unachokipima, ukiziondoa umeshaliamua jibu kabla ya kuhesabu. Nilipomwonyesha msimamizi wangu ile mistari, mama wa makamo aliyefanya kazi hii tangu enzi za madaftari ya karatasi, aliitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Mwanangu, wanawake hawa mimba zao zimekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Sijui, mama."

"Basi usifute. Kesho utatoka na wadodosaji."

Kabla hatujatoka, niwape picha ya nchi nzima, maana bila hiyo hamtaona kwa nini mistari ile ina uzito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulikuta watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wanafariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Ni hatua kubwa, na tuna haki ya kuifurahia. Lakini angalia wachanga, wale wanaofariki ndani ya siku 28 za kwanza: 25 kati ya 1,000 katika utafiti wa kwanza, 24 katika wa pili. Chandarua, chanjo na dawa mseto vimewafikia watoto waliovuka mwezi. Aliyezaliwa leo usiku bado yuko pale pale. Mwaka 2022 zaidi ya nusu ya vifo vyote vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa vya siku hizo 28. Lengo la dunia ni kufika 12 ifikapo 2030. Na kwa mtu wa data, mtoto mchanga ndiye mgumu kuliko wote kumhesabu, kwa sababu anaweza kuja na kuondoka katikati ya mizunguko miwili na asionekane na mdodosaji hata mmoja.

Nilitoka na dada mmoja mdodosaji, mzaliwa wa bonde lile, mama wa watoto wanne. Alikuwa na pikipiki ya kituo, kishikwambi kama vile vya sensa ya 2022, na orodha yetu. Njiani aliniambia, "Mdogo wangu, ukifika usiulize mtoto yuko wapi. Kaa kwanza."

Kaya ya kwanza niliyoiona kwa karibu ilikuwa ya mama mkwe na mke wa mwanawe. Hodi, karibuni, shikamoo mama, marahaba wanangu, mkeka ukatandikwa. Zikafuata habari za mpunga, habari za mvua, habari za mzee aliyekwenda kutibiwa mjini. Dada hakukifungua kishikwambi. Mke wa mwana alikuwa anachambua mboga pembeni, na dada alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanawake wa pale wanavyoitana, akamuuliza hali yake yeye mwenyewe. Ulijifungua salama? Ulipoteza damu nyingi? Mgongo unaendeleaje? Mama mkwe akainuka mwenyewe akaenda jikoni.

Hapo ndipo tulipoambiwa. Mtoto alizaliwa shambani, masika, maji yamejaa na njia imekatika. Kwenye bonde la mpunga watu wanahamia madunguni miezi ya kilimo, vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mazao, na kutoka huko hadi zahanati ni mwendo hata kwa mtu asiye na uchungu.

"Alilia?" dada akauliza.

"Alilia. Siku ya kwanza alinyonya kidogo, halafu akagoma."

"Kitovu kilikuwa kimeshadondoka?"

"Bado."

Swali hilo la kitovu halikuwa kwenye dodoso. Dodoso lilikuwa linataka tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufariki, na tarehe mama yule hakuwa nazo. Kitovu hudondoka kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya pili, kwa hiyo "bado" ni jibu la kitaalamu kabisa: huyu ni mchanga, na yumo kwenye siku za mwanzo. Kwa kaya nyingine nilimsikia akiuliza kama mtoto alikuwa ameshatolewa nje, au kama alikuwa ameshapewa jina. Kwa wanaofuata arobaini aliuliza arobaini. Kila jibu linabana muda, hadi mnafika kwenye siku tatu au nne ambazo mama anaweza kuzikumbuka kwa uhakika. Mama yule alituletea na kadi yake ya kliniki, imefungwa kwenye kipande cha khanga. Mahudhurio matatu, uzito, wingi wa damu, dozi za kuzuia malaria, mwandiko wa wauguzi tofauti. Sehemu ya kujifungua haikuwa imeandikwa kitu.

Nilimuuliza dada baadaye kwa nini mtoto huyo hakuandikwa kaya ilipohojiwa. Alinionyesha swali lenyewe kwenye kishikwambi: kuna mtoto aliyezaliwa katika kaya hii tangu tulipokuja mara ya mwisho? Aliyekuwepo siku ile alikuwa mama mkwe, na utaratibu unaruhusu mtu mzima yeyote wa kaya kujibu. Akajibu hakuna. Ukiwa umekaa kwenye mkeka ule utaelewa kuwa hakudanganya. Ameulizwa kuhusu mtoto, akatazama uani, mtoto hayupo. Na kwa desturi ya watu wengi wa pale mchanga wa siku chache hazikwi kwa matanga. Wanawake wachache wanamsitiri, maisha yanaendelea, na kumtaja mbele ya wageni wenye kishikwambi ni kumchokonoa mama yake. Programu nayo ikishajibiwa "hakuna" inaruka hadi swali linalofuata. Hairudi kuuliza: na ile mimba uliyoiandika mwezi wa tatu?

Mimba nyingine kwenye orodha zilikuwa na sababu nyingine. Wapo waliokwenda kujifungulia kwa mama zao, kama ilivyo desturi kwa uzazi wa kwanza, na wakarudi na mtoto mzima ambaye aliandikwa kama mhamiaji, hajaunganishwa na mimba ya mama yake. Wapo ambao mimba iliharibika mapema. Na wapo wafugaji waliokuwa wamehama na ng'ombe. Siwezi kuwapa idadi, kwa sababu takwimu hizo ni za kituo na hazijachapishwa. Ninachoweza kusema ni kuwa wanawake waliopoteza mtoto walikuwa wengi zaidi kwenye mistari iliyokuwa wazi kuliko kwenye ile iliyojaa. Yaani ningefuta, ningefuta vifo kwanza. Ni kama kupepeta mchele kwa haraka: pumba inaruka na chenga zinaruka nayo.

Tukishathibitisha kifo, kazi haijaisha. Baada ya muda wa msiba kupita, mdodosaji mwingine aliyefunzwa anarudi na dodoso refu la Shirika la Afya Duniani, anamhoji aliyemuuguza marehemu, na majibu yanapitiwa na madaktari au na programu ya kompyuta kama InterVA inayokadiria sababu ya kifo. Kwa mchanga maswali ni haya: alilia alipozaliwa? Aliweza kunyonya, kisha akaacha? Mwili ulikuwa wa moto au wa baridi? Alipata degedege? Alizaliwa kabla ya miezi yake? Niliruhusiwa kukaa kwenye mahojiano ya namna hii, na yaliyosemwa mle siyasimulii. Nitasema tu kwamba mtu anayefanya kazi hiyo kila wiki, kwa mkataba wa muda, kisha jina lake lisionekane popote kwenye makala ya kisayansi, hatendewi haki. Wenye mamlaka ya kupanga majina ya waandishi wanalijua hili. Walifanyie kazi.

Upande wa pili wa fildi yangu ulikuwa zahanati. Tulitaka kuona kama watoto tuliowapata kwenye kaya wanaonekana kwenye vitabu vya MTUHA. Kwa wasio wa Tanzania: MTUHA ni mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioanza kutumika nchini miaka ya tisini mwanzoni, na kila huduma ina kitabu chake. Cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, cha 6 cha wajawazito, cha 7 cha watoto, na cha 12 ni cha wodi ya wazazi. Kitabu cha 12 ni kipana. Ukikifungua kinafunika meza nzima. Kila mama ana mstari mmoja unaovuka kurasa mbili, na muuguzi mkunga anayeujaza ndiye huyo huyo aliyemzalisha, akamshona, akampima mtoto, akafua mashuka, na pengine yuko peke yake hadi asubuhi. Mwisho wa mwezi anahesabu kwa vijiti, vitano vitano, anahamishia jumla kwenye fomu ya ripoti, na ndani ya wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata ripoti inakwenda wilayani kuingizwa kwenye DHIS2.

DHIS2 ndiyo programu inayotumiwa na wizara zetu nyingi Afrika kukusanya ripoti za vituo. Inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na mizizi yake iko Afrika Kusini, miaka ya tisini, walipokuwa wakijenga upya huduma za afya baada ya ubaguzi wa rangi. Kuna jambo moja ndani yake ambalo kila mwanafunzi wa data za afya anapaswa kulijua kabla hajapakua chochote: kwa kawaida haihifadhi sifuri. Muuguzi akiandika kwamba mwezi huu vifo vya wachanga ni 0, na wasimamizi wa mfumo hawakuiagiza itunze sifuri kwa kipengele hicho, unapopakua unakuta patupu. Zahanati ambayo haikuleta ripoti nayo inakupa patupu. Moja imesema hakuna aliyekufa, nyingine haijasema kitu, na kwenye jedwali lako zimefanana. Ukizijaza zote sifuri, umetangaza usalama mahali ambapo hujui. Ukizifuta zote, umemnyima muuguzi aliyefanya kazi nzuri mwezi mzima ushahidi wake.

Tulichofanya ni kuangalia kisanduku kikiwa pamoja na wenzake. Kama ripoti ile ile ina idadi ya waliojifungua, mahudhurio na chanjo, na kisanduku cha vifo peke yake ndicho kilicho wazi, hiyo yaelekea ni sifuri, na tunaiwekea alama kwamba tumeikisia. Kama ripoti nzima ni tupu, inabaki tupu. Pale tulipoweza, tulikwenda kufungua kitabu chenyewe. Kwa hiyo nikiulizwa nijifunze nini kabla ya fildi, jibu langu ni R, na ndani ya R kazi ya kuunganisha majedwali kwa namba za utambulisho na ya kukagua tarehe. Hayo yatakula muda wako mwingi. Modeli za kuvutia mlizofundishwa muhula wa pili zinakuja mwisho, na zinakuja kwa siku chache.

Kitabu cha 12 kilinionyesha pia jambo linalonisumbua kuliko yote. Kuna nafasi ya kuandika mtoto amezaliwa hai au mfu, na mfu anatenganishwa: aliyefariki tumboni siku kadhaa kabla, ambaye ngozi imeanza kuharibika, na aliyefariki karibuni, wakati wa uchungu au muda mfupi kabla. Mtoto anatoka, halii, hatikisiki, rangi imebadilika. Mkunga yuko peke yake na mama anavuja damu. Anaandika mfu. Lakini wachanga wengi wa namna hiyo mapigo ya moyo bado yapo. Mwaka 2009 yalianza nchini mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua: mkaushe mtoto, msugue mgongo, na kama hapumui mpumulishe kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Utafiti wa hospitali nane za Tanzania uliochapishwa 2013 ulikuta vifo vya wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo. Na waliokuwa wakiandikwa wamezaliwa wafu, wale waliofariki karibuni, nao wakapungua kwa asilimia 24.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mfuko wa kumpumulisha mtoto haufufui. Kama wafu wamepungua kwa sababu wakunga wamefundishwa kupumulisha, basi baadhi ya walioandikwa wafu zamani walikuwa hai na wangeweza kusaidiwa. Neno lililoandikwa kwenye safu ile linaamua pia nini kitafuata. Mtoto aliyezaliwa hai akafa anajadiliwa: kwa nini, nani alikuwepo, kifaa gani kilikosekana. Aliyezaliwa mfu anaonekana kama amri ya Mungu iliyokwishapita, na wilaya haiagizi mfuko mwingine.

Niliwauliza wakunga wawili watatu wanavyoamua. Majibu yalikuwa ya kweli na yalitofautiana. Mmoja anasikiliza moyo kila mara. Mwingine aliniambia kifaa cha kusikilizia kipo, betri hakuna. Simlaumu. Namlaumu anayesoma ripoti ya mwezi akiwa ofisini, anaona wafu wameongezeka, na hapigi simu kuuliza.

Kuhusu umri, niseme kwa ufupi. Watu hutaja umri unaoishia na 0 au 5, na kuna kipimo cha Whipple kinachokuonyesha ni kwa kiasi gani: unachukua watu wa miaka 23 hadi 62, unaangalia wangapi wanaangukia kwenye tarakimu hizo mbili, na 100 maana yake hakuna upendeleo, 500 maana yake wote wameangukia hapo. Kwa wazee wadodosaji wanatumia kalenda ya matukio: ulikuwa umeolewa wakati wa Operesheni Vijiji? Mtoto huyu ni wa kabla ya Vita vya Kagera? Sokoine anafariki, Aprili 1984, ulikuwa na mimba ya nani? Mvua za El Niño? Msiba wa Mwalimu, Oktoba 1999? Na kwa watoto waliofariki, jihadharini na "mwaka mmoja" na "mwezi mmoja". Mama akisema mtoto alikuwa na mwezi, anaweza kuwa wa siku 25 au 35, na kati ya hizo mbili kuna mpaka wa siku 28 ambao namba ya taifa inaufuata. Uliza kinachojulikana nyumbani, kisha wewe ndiye ubadilishe kuwa siku.

Faragha ilikuwa sheria ya kila saa. Orodha tunayotoka nayo ina majina, kwa sababu huwezi kubisha hodi kwa namba. Lakini jedwali la kuchambua halina jina hata moja, na ufunguo unaounganisha viwili hivyo unakaa kwa mtu mmoja. Kompyuta za chumba cha data hazipokei flashi. Kibali cha maadili kinatoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Wanafunzi wenzangu wengine wanaona haya ni usumbufu. Mimi baada ya kukaa kwenye mkeka ule naona yangeongezwa.

Februari 2025, wakati wengi wetu tunaandika mapendekezo ya tasnifu, mpango wa DHS, wa tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, uliokuwa ukigharamiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, ulisimamishwa. Huo ndio uliosaidia kufanya tafiti za kitaifa za 2015–16 na 2022 nilizozitaja, na ulikuwa ukifanya hivyo katika nchi nyingi tangu 1984. Darasani kulikuwa na hofu, maana nusu ya tasnifu za afya ya jamii zinachotwa kule. Hofu ile naielewa. Lakini ilinifanya nivione vitabu vya MTUHA na madodoso ya kaya kwa uzito mpya: hivi ni vyetu, vinajazwa na watu wetu, kila siku, bila kusubiri mfadhili wa mzunguko ujao. Tuvigharamie. Betri ya kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto haihitaji mkutano wa kimataifa.

Kwenye mkutano wa mrejesho, ofisi ya kijiji, mzee mmoja alisimama akasema, "Kila mkija mnatuuliza nani amekufa. Sisi tunawajibu. Sasa na sisi tunauliza: wanakufa kwa nini, na mmemwambia nani?" Msimamizi wangu alijibu kwa urefu, akataja magonjwa, akataja wilaya, akataja kikao ambacho mganga mkuu alikabidhiwa taarifa na tarehe yake. Mzee aliandika tarehe ile kwenye kidaftari. Natamani kila kijiji kinachofuatiliwa kiwe na kidaftari hicho.

Kabla sijaondoka programu ya kishikwambi ilibadilishwa. Sasa mimba ikishaandikwa, mzunguko unaofuata hauwezi kufungwa kwa kaya hiyo bila mdodosaji kusema iliishaje, na jibu linatakiwa litoke kwa mama mwenyewe, si kwa yeyote aliyepo. Maswali ya dada yule, kitovu, kutolewa nje, kupewa jina, yameingizwa kwenye mwongozo wa mafunzo ya wadodosaji. Tasnifu yangu itakokotoa kiwango cha vifo vya wachanga mara mbili kwa kipindi kile kile, bila mimba tulizozifuatilia na pamoja nazo, ili wilaya ione tofauti. Mzunguko mpya unaanza baada ya mavuno, watu wakisharudi kutoka madunguni, na nimeshaomba ruhusa chuoni nirudi. Tutaanza na wale ambao bado hatujawafikia kati ya waliokwenda kujifungulia kwa mama zao nje ya eneo.